Jela Haihalalishi

Wanangu mnaoivaa sare sasa hivi, msinikasirikie kwa haya nitakayosema. Sare yangu niliirudisha zamani, ikakunjwa ikatiwa ghalani, lakini hasira sikuambiwa niirudishe, basi ninayo mpaka leo. Kila nikimsikia mtu wa ofisini anasema, "Yule mwivi sugu, hatengenezeki," mwili huniwasha. Hakuna anayezaliwa na sugu. Sugu huota pahala panaposuguliwa kila siku, na katika habari hii waliokuwa wakisugua ni sisi wenyewe, na mimi nikiwamo.

Nilikuwa koplo katika jela moja ya Pemba, miaka ile ya mwisho ya Mngereza, siasa imeshapamba moto na watu wananuniana hata mazikoni. Jela siitaji wala wakubwa wangu siwataji. Kazi niliyopewa ilikuwa kusimamia gengi la kamba, yaani wafungwa waliosokota kamba za usumba wa nazi. Niliijua kazi hiyo kwa mama yangu, ingawa utotoni nilikuwa naificha kwa wenzangu, na sababu ya kuificha mtaiona.

Kwa mliokulia mjini, makumbi ni yale maganda ya nazi yenye nyuzi. Huwezi kuyaokota ukasokota siku hiyo hiyo. Unachimba shimo pwani, pale maji yanapojaa na kutoka, unayapanga, unayafunika kwa makuti na tope, unayalemeza kwa mawe, unachomeka kijiti cha alama, unakwenda zako. Yatakaa humo miezi sita hivi. Yakiwiva unayafukua, unayaponda kwa rungu mpaka yatoe usumba, unauosha na kuuanika, ndipo unakaa chini usokote juu ya paja. Ukitaka kujua kama yamewiva usiyanuse, maana yananuka tangu wiki ya kwanza. Toa kumbi moja ulikunje. Likilia, lirudishe. Likinyamaza, fukua.

Mkubwa mmoja alitokea akaona safari ya pwani inapoteza saa za Serikali. Akaamuru mashimo yachimbwe nyuma ya jela, kwenye maji ya kisima yanayotuama. Nilimwambia makumbi hayataki maji matamu, akaniuliza mimi nimesomea wapi. Nyuzi zikatoka nyeusi na kukatikakatika, na uvundo ukaingia ofisini kwake ukakaa wiki mbili. Alipoamuru turudi pwani, alisema ni shauri lake mwenyewe.

Lakini hilo lilikuwa kosa la pua tu. Kosa lenyewe hasa hakuna mkubwa aliyeliona, na sisi tuliolijua tulinyamaza. Pemba kamba za usumba ni kazi ya wanawake. Mashimo yale ya pwani ni yao, kila shimo na mwenyewe, kila kijiti kinajulikana. Mwanamume atavua, atapanda mpunga, atachuma karafuu, lakini humkuti kakaa kibarazani anasokota pajani, watu watamcheka mpaka ahame. Sisi tukawachukua wanaume wazima, tukawapa ufundi ambao kwao hawawezi kuufanya mbele za watu, kisha tukaandika kwenye faili, "Amefunzwa kazi." Faili likafungwa, kila mtu akenda kula chakula chake cha mchana.

Basi katika gengi langu akaja Hamadi Faki, mtu wa Gando. Alichota karafuu kwenye jamvi la watu, akafungwa. Alikuwa na mke anaitwa Riziki na binti mdogo. Mikono yake sijapata kuiona kwa mwanamume mwengine, na hakuona haya hata kidogo. Wenzake wakimtania kwamba atavishwa kanga, husema, "Kamba haiulizi kasokota nani." Nikampenda. Nikajisifu naye kwa wakubwa, kama kwamba mikono ile nilimpa mimi.

Siku ya kutoka alipewa kanzu yake aliyokuja nayo, na mende walikwishaila mgongo wote. Akaivaa hivyo hivyo. Alipewa na karatasi ya kuripoti polisi kila Ijumaa saa sita mchana. Ijumaa saa sita! Mtu atoke Gando kwa miguu aende mjini akatiwe alama kwenye kitabu, wakati wenzake wanaingia msikitini. Wiki ya pili tu kijiji kizima kikawa kinasema Hamadi hata Ijumaa haswali tena. Aliyepanga saa ile sidhani kama aliwaza ubaya, kwa kuwa hakuwaza chochote.

Nilimuuliza mkubwa wangu kama sheha wa Gando, msimamizi wa kijiji, ameambiwa kwamba mtu wake anarudi. Akanijibu, "Koplo, kazi yako inaishia mlangoni."

Pale mlangoni Hamadi akanigeukia. "Afande, miye makumbi ntayapata wapi?"

Nami, wanangu, nilikuwa na haraka, nina gengi linaningoja. Nikamwambia, "Weye ntu wa Gando waniuliza miye makumbi? Pwani yenu yote imejaa makumbi. Nenda zako ukasokote, utakula na wanao."

Haikufika miezi mitatu nikamwona tena amesimama kwenye mstari wa wanaoingia. Sikutaka kuamini, nikajitia kuhesabu funguo. Alikuwa amefukua shimo la Bi Mize Shaame, mjane wa pale Gando. Na mjue uzito wake. Mashimo ya makumbi hayalindwi na mtu. Yako wazi pwani, mchana na usiku, na mlinzi wake ni kijiti. Mtu aliyekula karafuu za jamvini watu wangemsema wakachoka, lakini aliyefukua shimo la mjane alikuwa amechukua miezi sita ya mwanamke, na amewatia hofu wanawake wote wenye vijiti. Hakimu alimpa miezi sita, akamwonya kwamba akirudi mara ya tatu hatafungwa Pemba tena, atapelekwa Unguja akae miaka. Riziki naye akatuma neno kwamba mara ya tatu atadai talaka yake, na binti hatomwona.

Nikamuuliza Hamadi kulikoni.

"Weye ndiye uliyenambia, afande," akasema, wala hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonichoma. "Ulisema pwani imejaa makumbi. Nlipofika kila shimo lina kijiti. Kazi nyengine hakuna aliyetaka kunipa. Nkasema nifukue moja, nisokote, nkiuza nchimbe jengine nirejeshe. Kabla sijauza wakan'kamata."

Tulimfundisha kusokota, hatukumpa hata kumbi moja. Tulimwita mwivi wa karafuu, akatoka kwetu akawa mwivi wa kamba. Huo ndio ufundi aliojifunza Serikalini. Na mwenye kumwonyesha njia ya pwani ni mimi kwa kinywa changu.

Siku zangu za mapumziko nikaanza kutembea. Nilikwenda polisi kuomba siku ya kuripoti ibadilishwe. Sajini akafungua kitabu akanionyesha kwa kidole, "Imeandikwa Ijumaa. Lete barua ya korti." Nikenda korti, na ni mlango wa pili tu, uwanja ni mmoja. Karani akasema wao wanahukumu, hawafuatilii watu, nilete barua ya mudiri, mkubwa wa wilaya ile. Kwa mudiri, mlango wa tatu, karani akataka barua ya polisi. Nikarudi jela kwa mkubwa wangu aniandikie barua moja ya kuzifungua zote tatu. Akanikumbusha kazi yangu inaishia wapi. Milango yote ile ingeweza kupigiana hodi kwa fimbo, lakini mfungwa mmoja alikuwa na mafaili manne na hakuna faili lililopata kumwona mwenzake.

Nikaona basi niende Gando. Sheha alinipokea vizuri, akanipa kahawa, akaniambia yeye hajapata kuambiwa lolote na mtu yeyote. Hamadi alipochukuliwa alisikia njiani, na aliporudi alimwona tu. "Nami simpokei tena," akasema, "mpaka Bi Mize aridhike. Nenda kwake."

Bi Mize nilimkuta uani anaponda makumbi. Nikapiga hodi, nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kusimamisha rungu. Nikamweleza kwamba Hamadi anatumikia kifungo, na akimaliza atakuwa ameshalipa kosa lake.

"Kalipa kwa nani?" akauliza.

"Kwa Serikali, bibi."

"Serikali ndiyo iliyofukia makumbi?" Sasa akaliweka rungu chini. "Sikiliza, mwanangu. Serikali imemfunga kwa haki yake Serikali. Yangu miye iko wapi? Kaja ntu hapa kunitaka radhi? Kafungwa, katoka, kapita hapo njiani kainamisha kichwa, sote twaoneana haya. Jela haihalalishi. Mnaweza kumweka humo mpaka ndevu zimfike tumboni, kile alichokula ni haramu bado. Halali natoa miye, kwa kinywa changu, na sijaulizwa."

Wanangu, nilikuwa na miaka kadhaa kazini, nimesomeshwa kanuni kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na hakuna ukurasa uliosema maneno hayo. Huko kwetu mtu aliyekula cha mwenziwe anajua kwamba haondoki nacho duniani mpaka mwenyewe aseme, "Nimekuhalalishia." Mtoto mdogo wa chuo cha Kurani anajua hivyo. Mimi nilijua hivyo. Nilipovaa sare nikasahau, nikadhani kufuli inatosha.

"Sasa wataka n'fanye nini, bibi?" nikamuuliza.

"Akitoka aje. Achimbe shimo, afukie makumbi, kadiri ile ile, mbele ya wanawake wote. Kisha angoje miezi sita, kama nlivyongoja miye. Yakitoka mazima ntamhalalishia. Lakini nyinyi nanyi msimchukue katikati. Nataka kuwasikia hao wa ofisini wakisema kwa vinywa vyao."

Nikamwambia ofisi ni tatu na kila moja itamrusha kwa mwenziwe. Akasema, "Watanirusha miye?"

Siku ya Jumatatu alikuja mjini na sheha, kabeba mkeka. Alipoambiwa na sajini aanzie korti, hakubishana. Aliutandika mkeka wake katikati ya uwanja, mbele ya milango mitatu, akakaa na buibui lake, akasema kwa sauti ya kuita kuku, "Mie nzee, sina miguu ya kuzunguka. Njooni nyinyi." Watu waliokuja na mashauri yao wakaanza kusogea kutazama. Karani wa korti akatoka kuona kuna nini. Karani wa mudiri akatoka. Sajini akaona aibu kubaki peke yake ndani, akatoka na kitabu chake. Wakajikuta wote watatu wamesimama mbele ya mkeka mmoja, na lile lililonishinda kwa wiki tano likamalizika kabla kahawa aliyonunua sheha pale uwanjani haijapoa. Hamadi ataripoti kwa sheha, siku ya Alkhamisi. Sheha atatia sahihi. Polisi wakiwa na shaka naye watamuuliza sheha kwanza. Karani wa mudiri aliyaandika, wote wakatia mikono yao. Nami nikaahidi kumpeleka mwenyewe mpaka Gando.

Nikamwambia mkubwa wangu kwamba mambo yametengenea. Akasema watu hawa hawatengenezeki, la kuvunda halina ubani. Nilitaka kumjibu kwamba makumbi yasipovunda hayatoi kamba, nikayameza, maana nilikuwa na watoto. Leo nakwambieni nyinyi kwa kuwa yeye sikumwambia.

Hamadi alipotoka nilikwenda naye Gando kwa miguu. Nilimnunulia kanzu, si mpya lakini ina mgongo. Maji yalikuwa yametoka, wanawake wamejaa pwani, na hakuna aliyetuamkia. Alimwendea Bi Mize, akainama, akasema, "Bi Mize, n'mekukosea, nataka radhi." Akajibiwa, "Chimba." Akachimba mbele yao, tope limemfika magotini, wao wanamsahihisha, hapo si kina cha kutosha, hayo mawe mepesi. Akapanga makumbi mabichi aliyookota minazini, akayafunika, na kijiti akachomeka Bi Mize mwenyewe.

Basi ikaanza miezi sita. Hakuna mtu aliyemwajiri, lakini wanawake wakaanza kumtuma. Mashimo yao yalikuwa mengi na mengine wenyewe wamezeeka, naye alijua kuchimba na kuponda. Wanaume walimcheka mwezi wa kwanza, mwezi wa pili wakachoka, kwa sababu Riziki alikuwa anapika na wao waliona moshi.

Mwezi wa tano akapotea mbuzi. Asubuhi mwenyewe kaamka mbuzi yupo, saa nne hayupo. Akapiga kelele, na askari mmoja mgeni aliyekuwa anapita kijijini akauliza kama hapa pana mtu mwenye rekodi. Akaonyeshwa. Akamtoa Hamadi shimoni na tope lake, akamtia pingu. Sheha hakuulizwa. Sajini wa kile kitabu alikuwa amehamishwa, na ile karatasi yenye sahihi zote ilikuwa ndani ya mtoto wa meza, mtu mpya hajui hata kama ipo. Kesho yake nikasikia Hamadi anapandishwa kortini. Unguja, miaka, talaka, binti. Yote kwa sababu mtu hakufungua mtoto wa meza.

Nililiacha gengi langu bila ruhusa, nikenda kortini. Nikamkuta Bi Mize ameshafika na wanawake wa pwani yote, wamevaa kama wanakwenda harusini, korti haina pa kuweka mguu. Hakimu akauliza shahidi wa mshitakiwa ni nani. Bi Mize akasimama. Hakimu akatazama karatasi zake, akasema, "Wewe si ndiye uliyeibiwa naye?"

"Ndiye mie," akasema Bi Mize. "Na jana maji yalipotoka mpaka yaliporudi alikuwa shimoni kwangu, hawa wote walimwona. Kaniibia miye, sikusema kaiba ulimwengu nzima."

Sheha akaeleza habari ya karatasi. Ikatafutwa, ikapatikana ndani ya mtoto wa meza, chini ya chano cha kahawa cha mtu. Hamadi akaachiwa. Mbuzi mwenyewe alionekana siku ya tatu ndani ya muhogo wa watu, shingoni ana kipande cha kamba alichokitafuna, na hakuna aliyekwenda kumtaka radhi Hamadi kwa pingu zile. Mimi nilishitakiwa kwa kuacha kazi, nikavuliwa tepe moja. Waliovunja ahadi ya maandishi hawakuvuliwa kitu. Ndiyo maana nakwambieni hasira hii sijairudisha.

Siku ya kufukua nilikwenda, safari hii kwa ruhusa. Bi Mize akatoa kumbi moja, akalikunja, likanyamaza. Wakafukua yote. Alipoyaona ni mazima, akamtazama Hamadi, akasema mbele ya wote, "Nimekuhalalishia, duniani na akhera." Hamadi akajifuta uso kwa mkono wa tope, ikawa bora asingejifuta. Riziki alikuwa kasimama juu kule kwenye mchanga na binti, akashuka.

Nami nikaona hapo hapo nimalize langu. Nikamvuta Hamadi pembeni, nikamwambia, "Hamadi, siku ile mlangoni nilikwambia neno la kipumbavu, likakufunga miezi sita. Nataka radhi yako. Nihalalishie."

Wanawake wote wakasogea kutusikiliza, maana pwani hakuna siri. Hamadi akaniokotea jembe.

"Bi Mize kan'ngojesha miezi sita, afande," akasema. "Weye wataka yako leo leo? Chimba."

Nikatazama huku na huku. Nilikuwa na sare, na tepe moja iliyobaki begani. Nikaketi juu ya jiwe, nikavua viatu vya Serikali, nikakunja suruali, nikaingia topeni. Bi Mize akaniambia hapo si kina cha kutosha.